Mwalimu Aliyeniangusha Nimemzaa Mwenyewe

Rạch Gừa, gati la tatu kutoka darajani,
Tarehe mbili, mwezi wa kumi kwa kalenda ya mwezi.

Kwa Bwana Quách,
Mkuu wa Darasa la Usalama wa Vyombo vya Mtoni.

YAH: KUANGUSHWA MTIHANI WA UNAHODHA MARA TATU

Mheshimiwa Bwana Quách,

Nakusalimu wewe na waliokuzunguka. Kama mafua yale ya wiki iliyopita bado yanakusumbua, chemsha mchaichai na tangawizi ujifukize chini ya shuka. Dawa hiyo nakupa bure na haihusiani na malalamiko. Mimi mwili mzima. Ni rohoni ndiko nilikoonewa, na ndiyo maana nimeshika kalamu, kifaa ambacho huwa nakiacha kwa wenye subira.

Naitwa Huỳnh Thị Lượm. Mtoni hakuna anayenijua kwa jina hilo, ulizia Bi Chín wa maboga. Nimeuza maboga na viazi vitamu kwenye soko letu la mtoni miaka thelathini na minane, na shule nimesoma hadi darasa la nne, ambalo nililipenda nikalisoma mara mbili. Kwa hiyo mahali maneno yangu yatakapokwenda upande, uyanyooshe wewe unaposoma.

Namlalamikia mwalimu wako, Mwalimu Khuê. Huenda umesikia watu wakisema ni mtoto wangu. Ni kweli. Nilimzaa ndani ya mashua, kati ya daraja la kwanza na la pili, na tulipofika la pili alikuwa tayari analia kwa ile sauti ambayo leo inamfaa sana kwenye kipaza sauti chenu. Ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kusoma chuo cha mjini. Ndiye mwalimu mdogo kuliko wote ulio nao, na wanafunzi wake wanafaulu kupita wa yule mwingine mwenye masharubu. Sisemi haya kujisifu. Nayasema ili ujue kwamba ninayemshitaki namjua tangu utosini.

Haja yangu nayo ni moja. Tarehe kumi na sita ya mwezi huu Khuê anaolewa. Mashua itatoka gatini kwetu na bibi harusi, sinia la tambuu na popoo, na ndugu, iende Vàm Sếu kwa wakwe, safari ya saa mbili na nusu maji yakijaa. Mila yetu unaijua. Mama wa bibi harusi haendi. Anasimama gatini, anatazama mashua mpaka ipinde kona, kisha anarudi jikoni kuosha vyombo. Wazee wanasema machozi ya mama ni mazito, yakipanda chomboni yanaizamisha ndoa.

Mimi sibishani na mila. Lakini nimewauliza wazee wanne, na hakuna hata mmoja anayejua mila inayomkataza nahodha kwenda. Nahodha lazima aende. Asipokwenda yeye, nani atakwenda? Kwa hiyo nimeamua siku hiyo nisiwe mama, niwe nahodha. Mashua ni yangu, usukani naujua, mto naujua. Kimebaki kikaratasi kimoja tu chenye picha yangu na muhuri wako, na kikaratasi hicho mwalimu wako amekataa kunipa. Bila hati, anasema, hakuna kushika usukani wa mashua yenye abiria, hata kama abiria ni yeye.

Malalamiko yangu yanafuata kwa namba, kama mlivyotufundisha.

1. Ninaulizwa maswali ambayo nimeyajibu kwa maisha yangu. Swali la kwanza kwenye karatasi linasema: kabla ya kung'oa nanga, utakagua nini? Nikaandika: nitakagua kama Bi Bảy ameshaondoka, maana akiniwahi anachukua nafasi nzuri karibu na mashua ya kahawa. Nikawekewa mkasi mwekundu wa kukosa. Eti jibu ni kukagua kama kuna maji ndani ya chombo. Bwana Mkuu, maji ndani ya chombo yapo siku zote. Siku nisipoyakuta nitashtuka, nitajua nimepanda kitanda.

2. Uzoefu wangu hauhesabiwi. Wanasema elimu ni bahari. Sawa, lakini mimi naishi mtoni, na mtoni nimezama mara saba. Mwalimu Khuê tangu apate cheti hajazama hata mara moja. Nauliza kwa heshima: ukitaka kujifunza kuzama, utamwendea nani?

Mara ya kwanza nilikuwa na shehena ya matikiti maji. Yalielea yote, na wateja wakayafuata wenyewe, sijapata kuuza upesi namna ile. Mara ya pili nilikuwa na viazi vitamu. Viazi havielei, hilo nililijua siku hiyo na sijalisahau, wala halimo kitabuni mwenu, nimetafuta. Mara ya tatu mashua ilikuwa imefungwa gatini. Ya nne na ya tano zilikuwa siku moja, kabla na baada ya chakula cha mchana. Ya sita wengine hawaihesabu, maana nilipiga kelele mpaka nikachoka, kisha nikasimama, maji yakawa ya kiunoni.

Ya saba ndiyo kubwa. Khuê alikuwa na miaka tisa. Meli ya mchanga ilitupita karibu, mawimbi yake yakatupindua katikati ya mto mkubwa, pale maji yanapokuwa meusi. Nilikuwa nimemfunga mtoto kifuani dumu tupu la mafuta ya kupikia kwa kitambaa changu cha kichwani, maana mimi ni mama mwenye kuona mbali. Tukashikana mimi na yeye mpaka kwenye magugu maji, na mwenye mashua ya tambi za supu akatutoa. Mtoto mzima, mama mzima. Habari hiyo soko zima linaijua, nimeisimulia kila mwaka. Leo mtoto niliyemwokoa ananisimamia mbele ya ubao na fimbo, ananionyesha mchoro wa mashua na kuniuliza mbele ni wapi.

3. Kuna swali la kumi na moja. Hili nakuomba ulichunguze wewe mwenyewe. Mwalimu wa masharubu anawauliza wanafunzi wake maswali kumi. Wa kwangu anauliza kumi na moja, na hilo la mwisho limewekewa nyota: ukilikosa hilo umeanguka, hata ukipata mengine yote. Linasema: hatari ikitokea, nani avae jaketi la kuokolea kwanza?

Nikaandika: mtoto.

Mkasi. Mtihani wa pili nikaandika tena: mtoto. Mkasi. Mtihani wa tatu nikaongeza maelezo, nusu ukurasa, kuhusu kuku anavyofunika vifaranga. Mkasi mrefu kuanzia kuku hadi mwisho. Jibu lake eti ni nahodha. Nahodha avae kwanza, kisha awavishe wengine.

Jioni ile nyumbani, nikiwa namenya vitunguu, nikamwambia, "Mwalimu, mama gani anajivisha mwenyewe mtoto wake akitazama?"

Akasema, "Mama aliye nahodha."

"Huyo hakunyonyesha."

"Mama, andika tu. Neno moja. Nimekuonyesha lilipo, ukurasa wa kumi na tisa."

"Ukurasa nimeuona. Mkono ndio unaokataa."

"Basi mkono utabaki gatini pamoja na mwenyewe."

Nikamwambia machozi yanayonitoka ni ya vitunguu. Akaangalia sahani, akasema vitunguu nilimaliza kumenya zamani.

4. Darasa lenu limeingia nyumbani kwangu. Kwenye kumbukumbu ya kifo cha marehemu mume wangu tulikuwa twende kwa kaka yake ng'ambo ya mto. Nilipika mimi tangu alfajiri: bata wa kuchemsha na maji ya nazi, sufuria hii ya kukumbatiwa na watu wawili. Khuê akasimama gatini na daftari, akahesabu vichwa. Mashua yetu ni ya watu kumi. Akahesabu kumi na moja, akarudia, kumi na moja. Shemeji akasema, "Mtoe mmoja mwembamba." Khuê akasema uzito hauendi kwa wembamba, unaenda kwa idadi na mzigo, na sufuria nayo ni mzigo.

Basi wakatazamana. Sufuria haiwezi kuachwa, ndiyo sherehe. Aliyeachwa ni mpishi. Niliiona mashua ikienda na bata wangu, na mume wangu akakumbukwa na kila mtu isipokuwa mjane wake. Baada ya saa nzima Khuê akarudi kunichukua, peke yake, na jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa mkononi. Nilimsusia nusu ya mto. Nusu ya pili nilisema naye, kwa sababu alikuwa ameniwekea paja la bata.

5. Mtihani wa vitendo. Hapa, Bwana Mkuu, nakuomba ukae vizuri.

Mtihani ulikuwa Jumanne asubuhi, soko likiwa limechangamka. Kila mtahiniwa na chombo chake. Mimi nilikuja na mashua ile ile ya harusi, aliyoichonga marehemu mume wangu na kuichora macho mawili kwenye omo, mbele kabisa, jicho la kushoto kubwa kidogo kwa sababu nilimwita kula akiwa katikati. Ndani nilikuwa na makuti kumi na mawili mabichi. Nilipitia kuyakata njiani kwa ajili ya lango la harusi, maana mtu mwenye shughuli hachezi na safari tupu.

Khuê alikuwa gatini na filimbi na kipaza sauti. Haniiti Mama pale. Ananiita Mtahiniwa Namba Kumi na Tisa. Akatangaza: "Mtahiniwa Namba Kumi na Tisa, mashine imezimika, mkondo unakupeleka kwenye nguzo za daraja. Omba msaada kwa alama inayoonekana mbali."

Alama tulipewa, bendera ya chungwa. Yangu ilikuwa nyumbani imefunika maboga, jua lisiyapige. Lakini mimi si mtu wa kukwama. Kitabu kinasema ukikosa bendera tumia kitu chochote kikubwa kinachoonekana. Nikatazama, nikaona makuti. Nikachagua lililo kubwa, nikalifunga kileleni mwa mti wa kutundikia bidhaa, upepo ukalikamata likapunga vizuri. Nikajisifu moyoni. Nikasema, leo Khuê atajua mama yake ni nani.

Bwana Quách, wewe ni mtu wa hapa. Umeshajua. Mtoto wa miaka minne wa sokoni kwetu anajua. Ukitundika boga, unauza maboga. Ukitundika nanasi, unauza mananasi. Ukitundika suruali, umefua. Ukitundika kuti, unauza mashua yenyewe.

Mimi niliyekaa miaka thelathini na minane chini ya miti ile nilisahau. Na nilisahau kwa nini? Kwa sababu kichwa kilikuwa kimejaa kitabu chenu. Elimu ilipoingia, uzoefu ulikosa pa kukaa, ukateremka. Hilo peke yake lingetosha kufunga darasa, lakini naendelea.

Akatokea Mzee Tư Lành na mashua yake ya mananasi, akazima mashine, akaja kunigusa ubavuni. "Bi Chín, unaiuza kweli?"

Nikamwambia, "Naomba msaada."

"Nitakusaidia. Unataka ngapi?"

"Sikusikii. Niko kwenye mtihani, mkondo unanichukua."

"Mtihani gani tena, mama? Kuti liko juu." Akaanza kugonga mbao kwa kiganja, mara huku mara huko, akiinamisha sikio kama daktari. "Mbao za zamani hizi. Zimechoka."

Hapo ndipo aliponikosea. Ningevumilia yote. Nikamwambia mbao zile zilichongwa na mume wangu kwa mikono yake, na kwamba yeye Tư Lành atachoka kabla yazo. Akasema, "Sawa, lakini jicho moja limevimba." Nikamtajia bei, si kwa kuuza, kwa kumkomesha tu, ajue thamani ya kitu anachokitukana. Akataja yake. Hiyo ilikuwa ni dharau, nikateremka kidogo kumwonyesha mtu muungwana anavyofanya. Naye akapanda kidogo. Bwana Mkuu, ng'ombe aliyezoea jembe, ukimfunga jembe atalima tu. Tulipita chini ya daraja tukibishana, nguzo moja kushoto nyingine kulia, wala hatukugusa hata moja, na naomba hilo liandikwe. Filimbi ilipolia tulikuwa tumeshapigana viganja.

Kuti juu, viganja vimekutana: sokoni kwetu hiyo imekwisha, hata polisi hawezi kuifungua. Nilikuwa nimeuza mashua ya harusi ya mtoto wangu, mbele yake, katikati ya mtihani wake.

Khuê aliandika kwenye karatasi yangu, nafasi ya maelezo ya mtahini: "Mtahiniwa ameuza chombo." Hakucheka. Mabega ndiyo yalikuwa yanatikisika.

6. Matokeo ya hayo yote. Mzee Tư Lành si mtu mbaya. Nilipokaa gatini nikashika kichwa alisema, "Bi Chín, mashua ichukue. Mimi nialike harusini tu, yaishe." Kabla sijafungua mdomo kushukuru, mwalimu wako akasema, "Karibu sana, mzee. Una hati ya unahodha?" Mzee akavua kofia, akaitoa ndani yake, imefungwa kwenye nailoni, kavu, picha yake akiwa amechana nywele. Alisoma kwenu mwaka jana, alifaulu mara ya kwanza. Khuê akasema, "Basi utashika usukani siku hiyo."

Nilimwuliza mwanangu mbele za watu, "Na mimi?"

Akasema, "Mama, ufaulu. Nafasi yako nakuwekea mpaka siku ya mwisho."

Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyo. Mtoto wangu atapelekwa kwa mume na muuza mananasi ambaye anapinda kona kama mtu anayeingiza kitanda mlangoni, na mimi niliyempitisha chini ya madaraja yote ya mto huu tangu akiwa tumboni nitabaki nimeshika fagio. Wahenga walisema mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Nilitaka safari hii ya mwisho nimbebe tena, naye akitazama mbele aone kisogo changu. Nimeshakwenda hata kutengeneza nywele za nyuma.

7. La saba nilikuwa nalo jana usiku wa kuamkia leo likanipotea. Lilikuwa kali. Lihesabu.

Kutokana na hayo naomba kwa heshima lolote kati ya haya. Unipe hati kwa kuzingatia miaka na mara nilizozama. Au unipe hati ya siku moja, itakayofanya kazi kutoka gati langu hadi gati la Vàm Sếu, ya kurudi sihitaji, nitarudi kama abiria mkaidi yeyote. Au umwondoe Mwalimu Khuê darasani. Nikisema umwondoe usimfukuze, utapata wapi mwingine kama yeye. Mpandishe cheo, mpeleke mkoani, hata wizarani, anaweza, ili mitihani isimamiwe na mtu mwenye akili ya kawaida. Yule wa masharubu angetosha.

Nakutakia afya njema. Nisalimie mkeo, na mlinzi wa getini aliyeniazima mwavuli siku ile nilipotoka nalia nikamwambia ni mvua. Nisalimie wanafunzi wa mstari wa nyuma, hasa yule bwana aliyeniazima karatasi yake nichungulie, mwambie majibu yake nayo yalikuwa mabaya. Msalimie na Mwalimu Khuê mwenyewe, akumbushwe kula mchana, akifundisha huwa anasahau.

Wako katika kuonewa,

Huỳnh Thị Lượm (Bi Chín wa maboga)

N.B. Bwana Quách, barua hii kabla sijaifunga nilimpa Khuê aninyooshee maneno, kwa kuwa nyumbani hakuna mwingine anayejua kuandika sawasawa. Aliisoma yote na kalamu yake nyekundu. Alinisahihisha pale nilipokosea, na yale ninayomshitaki hakuyagusa hata moja. Hata pale niliposema umwondoe, aliongeza koma tu.

Alipofika kwenye mara ya saba alisimama. Akasema, "Mama, hapa umeandika kwamba uliniokoa."

Nikasema ndivyo nilivyowasimulia watu.

"Najua. Nimewaacha waamini miaka yote."

Sasa na wewe nikwambie ukweli, kwa sababu barua ya serikali haifai kuwa na uongo. Mimi kuogelea sijui. Miaka thelathini na minane mtoni, sijui. Mara ya kwanza nilishika tikiti maji. Mara ya pili nilimshika mwanamume aliyekuwa akipita, ambaye baadaye nikaolewa naye ili asiende mbali. Siku ile ya saba sikuwa na tikiti wala mume. Dumu lilikuwa moja, nilimfunga mtoto, mimi sikujifunga kitu. Dumu la pili lilikuwapo, ila nilikuwa nimelijaza mafuta ya taa.

Mkondo ulikuwa unampeleka salama kwenye magugu. Akageuka. Akapiga miguu akanirudia, akanikamata nywele. Nami nilimpanda. Mtoto wa miaka tisa, mama yake nikampanda mabegani kama mtu anayepanda ngazi, nikamzamisha chini mara mbili, na mara zote mbili alirudi juu hajaziachia nywele. Sisi hatukushikana mpaka kwenye magugu. Ni yeye aliyenivuta.

Nilimwuliza swali la kumi na moja liko wapi kitabuni, maana ukurasa wa kumi na tisa una maelezo tu. Akasema, "Kitabu kina maswali kumi. Hilo nililiongeza mimi." Kisha akanirudishia barua, akaenda kukagua kama mashua ina maji. Yalikuwapo. Aliyafua kwa kopo mpaka pakauka, sijapata kuona sakafu ya mashua ile tangu mume wangu afe. Ni nzuri.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi sita yafute. La saba nimelikumbuka, lilihusu viti vyenu ni vigumu, nalo lifute. Niwekee kiti Jumatatu, mstari wa mbele, mbali na dirisha, maana nikiona mashua zikipita nitawaita wenyewe. Mtihani ni Alhamisi. Mzee Tư Lành ameniambia nikifaulu tumbo litamuuma alfajiri ya tarehe kumi na sita, na ameshaanza kulalamika kidogo kidogo ili watu wamzoee. Neno lile nimeliandika daftarini, nahodha, nahodha, nahodha, kurasa mbili, mkono umeanza kukubali.

Na kama Alhamisi mkono utakataa tena, usimlaumu mwalimu. Nitabaki gatini kama mila inavyotaka. Ila nitasimama nimevaa jaketi la chungwa, nimelifunga kamba zote tatu, ili Khuê akigeuka kabla ya kona aone kwamba mama yake alisoma.